Mrushaji wa Alhamisi

Wajapani hucheza besiboli jioni, saa kumi na mbili yao, na saa kumi na mbili yao ya jioni ni saa sita yetu ya mchana. Jambo dogo hilo ndilo lililoniponza. Wangecheza usiku, ningekuwa nimelala. Wangecheza asubuhi, ningekuwa kwenye chai, gunia mgongoni na umande hadi kiunoni. Lakini saa sita majani yamekwisha kupimwa, ugali bado, baba yangu ameketi kwenye benchi nje ya jiko akigeuza uso kulitafuta jua, na mimi nina simu mkononi na sina la kufanya.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi nilikuwa nyapara wa wachumaji katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, mpaka mashine za kuchuma zilipokuja na wachumaji wakapungua, na wachumaji wakipungua nyapara ni wa nini. Ndoa ilikuwa imeisha kabla ya kazi. Nikarudi kwa baba, kwenye ekari mbili za chai upande wa Bomet, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, godoro moja, na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Mara nyingi niliielekeza kwa ng'ombe.

Baba alikuwa peke yake tangu mama afariki. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani, pale wakulima wanapoleta chai yao ipimwe kabla ya lori la kiwanda kufika. Ni mzee wa kanisa na ni mtu wa hesabu, na kufikia wakati huo ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Mtu aliyezoea kusoma gazeti kutoka ukurasa wa mwisho hadi wa kwanza sasa alikaa kutwa akihesabu magari ya barabarani kwa mlio wa injini. Iliniuma kumtazama.

Kubeti nilianza na mpira wa Ulaya, kama kila mtu, na nikaliwa, kama kila mtu. Siku moja saa sita, nikitafuta mechi yoyote iliyokuwa ikichezwa saa hiyo, nikaona orodha ya Japani. Nikajiambia kwamba huku angalau sijui lolote, kwa hiyo sina ujuzi wa kunidanganya. Ninacheka nikikumbuka akili hiyo, lakini wakati ule iliniingia kabisa.

Taabu ni kwamba nilikuwa naona namba bila kujua zinasema nini. Nikasoma huku na huku kwenye simu kwa wiki nzima, na nilipochoka kujisemea mwenyewe nikamwambia baba.

"Kuna mchezo wa Japani nafuatilia," nikasema. "Nisaidie na hesabu yake."

"Mchezo gani?"

Nikamweleza nilivyoelewa. Kuna mtu anayerusha mpira na kuna mwenye rungu. Mwenye rungu akigonga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na akirudi pale alipoanzia, hiyo ni pointi moja. Mrushaji akitupa vibaya mara nne, mwenye rungu anapewa kituo cha kwanza bure. Watu watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Zamu ni tisa.

"Na huyo wa kurusha anarusha mara ngapi?"

"Karibu mia, halafu wanamtoa."

"Kesho anarudi?"

"Hapana. Anapumzika wiki nzima. Huyu ninayemwona hapa ni wa Alhamisi. Alhamisi ijayo ni yeye tena."

Baba akainamisha uso. Nilidhani amechoka na habari zangu, kumbe alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Timu inacheza siku ngapi kwa wiki?"

"Sita. Jumatatu kawaida wanapumzika."

"Basi iko na warushaji sita, kila mtu na siku yake." Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi ya mama. "Mama, hiyo si mchezo. Hiyo ni raundi."

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Na kuhusu raundi alikuwa sawa. Shamba letu limegawanywa vipande sita. Kipande cha chini huchumwa Jumatatu, kile cha kando ya mto Jumanne, na kuendelea hivyo mpaka Jumamosi, na kila kipande hungoja siku yake irudi. Ukiwahi, unapata machipukizi machache. Ukichelewa, majani yanakomaa, yanakuwa magumu, na kituoni wanakumwagia yote chini uchambue. Kila mtoto wa huku anajua hivyo kabla ya kujua kusoma. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari wanaochuma mabega yao kwa raundi.

Kuanzia siku hiyo saa sita ikawa yetu. Wajapani hutangaza siku moja kabla ni nani atarusha, kwa hiyo baba alikuwa na kazi ya kufikiria mpaka kesho yake. Majina ya timu hayakumkaa, akazipa yake ya huku kwetu. Timu ya kaskazini kwenye baridi akaiita Londiani. Ile ya kusini kwenye joto ikawa Fort Ternan. Moja iliyouza kila mchezaji wake mzuri akaiita Mulot, kwa ajili ya mnada wa ng'ombe, na ile tajiri ya mji mkuu iliyowanunua wote ikawa Kampuni, kama tunavyowaita wenye mashamba makubwa ya chai. Wachezaji hawakuwa na majina kabisa. Walikuwa mtu wa Jumanne wa Londiani, mtu wa Ijumaa wa Mulot. Hatukuwahi kuwaona wakicheza. Kifurushi cha simu yangu kilitosha namba, hakikutosha picha.

Alinifundisha pia kutoa maji. Kituoni, karani anapotundika gunia kwenye mizani, hasomi kilo na kuandika tu. Anatoa uzito wa gunia, na siku ya mvua anatoa na uzito wa maji, kwa sababu kiwanda hakilipi mvua. Nikimsomea kwamba mrushaji fulani anaruhusu pointi mbili tu kwa mchezo, baba aliuliza: "Umetoa maji?" Alitaka kujua amecheza na nani, na wapi. Kuna viwanja vikubwa ambako hata mpira uliogongwa vizuri hauvuki ukuta, na mrushaji wa huko huonekana hodari kuliko alivyo. Baba alimwongezea nusu pointi. Aliyekutana na wagongaji dhaifu mara tatu mfululizo, alimwongezea nusu nyingine. Alibaki na namba kavu, na namba zake kavu zilikuwa karibu na kweli mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Wiki ya pili aliniuliza, "Kuna pesa ndani?"

"Hapana, Baba," nikasema.

Nilisema upesi na bila kutetemeka. Yeye ni mzee wa kanisa, na kanisani kwetu mtu wa kamari na mtu wa pombe huombewa siku moja. Sikutaka kuombewa, na zaidi ya hapo sikutaka kuipoteza saa sita.

Nilibeti kidogo kidogo miezi yote ile ya Juni hadi Septemba, na nikashinda kidogo kidogo. Nilinunua sukari, chumvi ya ng'ombe, na siku moja nikamletea baba buti mpya za mpira. Akazipapasa, akauliza nimetoa wapi. Nikamwambia niliuza mayai. Akasema kongoi, yaani asante, akazivaa hapo hapo ingawa kulikuwa kukavu.

Oktoba ikaja na bonasi. Kwa asiyejua, mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka kiwanda hulipa kilichobaki, na hiyo bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo harusi. Yetu ya mwaka ule ilikuwa ya macho ya baba. Tulikuwa tumekwisha kupanga tarehe katika hospitali ya misheni. Bonasi ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko tulivyotarajia. Nikapiga simu hospitalini, nikaambiwa kwa upole kwamba hiyo inatosha jicho moja. La pili lingengoja mwaka mwingine.

Baba aliridhika. "Moja inatosha kuona ng'ombe," akasema, akaniambia niiweke pesa kwenye simu yangu mpaka Jumanne ya hospitali.

Mimi sikuridhika. Nilitaka macho yote mawili. Ninalisema hili si kwa kujitetea, maana najua kila anayebeti ana sababu nzuri mfukoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na pesa za jicho moja kwenye simu, na kwenye simu hiyo hiyo kulikuwa na Alhamisi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya msimu. Fort Ternan walikuwa nyumbani dhidi ya Kampuni. Mrushaji wao wa Alhamisi alikuwa ndiye tuliyempenda kuliko wote, na alikuwa hajacheza wiki mbili, kwa sababu Alhamisi iliyopita mvua ilifuta mchezo. Kwa kuwa walicheza na Kampuni, malipo yalikuwa mazuri. Wangeshinda, yangetosha jicho la pili na nauli.

Jumatano nilimuuliza baba, nikijifanya naulizia tu.

"Hapana," akasema. "Huyo amerukwa raundi."

"Amepumzika, Baba. Ana nguvu mara mbili."

"Kipande ikirukwa raundi inakuwa namna gani?"

Nilijua. Nilikuwa nyapara. Niliwafokea watu kwa jambo hilo hilo miaka mingi. Kipande kilichorukwa raundi ukikitazama kutoka barabarani kinapendeza, kimejaa, kijani tupu, unaweza kuapa kuna gunia tatu zaidi mle ndani. Mkulima mwenye tamaa hukitazama akafurahi. Kisha anaingia na kukuta ni majani magumu matupu. Nilijua hivyo, na Alhamisi asubuhi, mikono yangu ikiwa bado na utomvu wa chai, nikamtazama yule mrushaji aliyepumzika wiki mbili na nikaona gunia tatu zaidi. Nikaweka pesa zote. Kulikuwa na namna ya kubeti ambayo ingenirudishia pesa mchezo ukiisha sare. Ile nyingine ililipa zaidi, nikachagua ile nyingine.

Saa sita nikaketi kwenye benchi na kuanza kumsomea baba. Katika zamu ya kwanza tu mtu wetu alitupa vibaya mara nne, akampa mwenye rungu kituo bure. Akampa na wa pili. Wa tatu akagonga mpira nje ya uwanja kabisa, na Kampuni wakawa na pointi tatu.

"Imekomaa," baba akasema kwa huzuni ya kweli. "Maskini. Si makosa yake. Ni mvua."

Wakamtoa mapema. Ugali ukapoa. Saa nane Fort Ternan wakapata pointi moja, baadaye moja, na zamu ya nane wakapata ya tatu. Nilisimama. Nilitembea hadi kwenye boma la ng'ombe na kurudi, mara nyingi. Zamu tisa zikaisha tatu kwa tatu, wakaongeza ya kumi. Mvua yetu ya alasiri ikaanza, tukavuta benchi chini ya paa la jiko, na mimi nikaendelea kusoma kwa sauti kubwa kushinda kelele za mabati. Ya kumi na moja, hakuna. Ya kumi na mbili, Fort Ternan wakafikisha mtu kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, na aliyefuata akagonga mpira juu, ukadakwa.

Wajapani hawachezi zaidi ya hapo. Zamu kumi na mbili zikiisha watu wakiwa sawa, wanainamiana na kwenda nyumbani.

"Sare," nikasema.

Baba alifurahi. Aliipenda sare kuliko ushindi. "Hiyo ndio naitaka kwa hawa watu," akasema. "Wamefanya kazi yote wawili, hakuna mtu amefukuzwa mikono mitupu." Akapapasa kutafuta mkono wangu aushike, kwa furaha. Nikaondoka nikaenda kukama.

Kesho yake saa sita nilikaa kwenye benchi na simu mfukoni. Baba akangoja.

"Soma," akasema.

"Leo sina nguvu."

Lori moja likapita.

"Nilipokuwa kwa mizani," akaanza, "kulikuwa na watu wanamwagia majani maji, ndio iwe nzito. Mimi nilikuwa najua kabla nitundike gunia. Mtu ya majani kavu hana haraka, anapiga stori na wengine. Mtu ya maji anauliza kilo kabla mizani itulie." Akanigeukia, macho yake meupe yakitazama karibu na sikio langu. "Wewe umekuwa ukiuliza kilo, mama. Jana ulienda kwa boma mara saba."

Nikaitoa simu mfukoni, nikaiweka kwenye benchi kati yetu.

"Imeenda ngapi?" akauliza.

"Yote."

"Ya jicho?"

"Ya jicho, Baba."

Alivuta pumzi. Nilingoja anipige au anilaani. Ningependelea hivyo. Alipoendelea kunyamaza nikapandwa na hasira, na namwomba Mungu anisamehe, nikamfokea mtu niliyekuwa nimemwibia.

"Kama ulijua, kwa nini hukusema? Tangu lini unajua?"

"Tangu buti. Kuku watatu hawawezi kununua buti."

"Na ukaendelea kunipa hesabu?"

"Niliendelea." Akayapapasa magoti yake. "Mzee wa kanisa mzima. Nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Halafu kesho saa sita unakuja unakaa hapa. Nikikwambia uache, utaacha, na mimi nitarudi kuhesabu malori." Akatikisa kichwa. "Nusu ya hiyo maji ni yangu."

Nililia hapo kwenye benchi nikiwa mtu mzima, na ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo. Jumanne hatukwenda hospitali. "Nitangoja raundi ingine," alisema kwa yeyote kanisani aliyemuuliza, na hakumwambia hata mmoja sababu. Neno hilo alilitunza. Mimi tu ndiye niliyelijua, na aibu yake ilinitosha.

Nilifunga akaunti ya kubeti mbele yake, nikimsomea kila nilichobonyeza. Kisha nikatafuta vibarua. Nikimaliza kipande chetu asubuhi, nilikwenda kuchuma cha jirani, na Jumamosi nikapanda juu zaidi kwa watu waliokosa wachumaji. Walinilipa kwa kilo. Kazi niliyoisimamia miaka mingi nikiwa nimevaa koti la mvua na kushika kalamu, niliifanya kwa vidole vyangu mwaka mzima, na nikagundua kwamba nilikuwa nyapara mkali bila sababu.

Machi msimu wa Japani ulipofunguliwa, baba aliniita kwenye benchi.

"Nani anarusha?"

"Nilidhani tumeacha."

"Tumeacha pesa. Mchezo imetukosea nini?"

Tukarudi kwenye raundi zetu. Ila kila siku, kabla sijasoma, aliuliza, "Kuna pesa ndani?" Nikajibu, "Hapana, Baba." Hakuruka hata siku moja. Siku nyingine swali hilo lilinichoma, siku nyingine lilinikasirisha, na sikumlaumu, kwa sababu jibu lile lile niliwahi kumpa kwa sauti ile ile.

Oktoba bonasi ikaja, nikaongeza ya vibarua vyangu, ikafika macho mawili. Walimfanyia la kulia kwanza, na lile la kushoto likapangiwa majuma machache mbele. Asubuhi ya pili muuguzi akaja kuondoa bandeji. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Nilidhani atatazama dirishani, kwa sababu kutoka pale unaona chai mpaka mwisho wa macho.

Alipepesa jicho muda mrefu. Akamtazama muuguzi, akamshukuru. Akanitazama usoni, akatabasamu kidogo, kama mtu anayehakikisha jambo alilokuwa akilijua. Halafu akaangalia chini, akachukua mikono yangu.

Utomvu wa chai hautoki kwa sabuni. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na ncha zake zilikuwa zimepasuka, zikapona, zikapasuka tena. Alivigeuza kimoja kimoja karibu na jicho lake jipya, bila haraka, namna alivyokuwa akikagua majani ya watu mezani kituoni. Sikuweza kuvificha.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Karibu saa sita."

Nikatoa simu, nikampa, kwa kuwa sasa aliweza kusoma mwenyewe. Zilikuwa mechi za mwisho za mwaka, na Londiani walikuwa bado wamo. Alikitazama kioo chake kidogo, akaona namba alizokuwa amezisikia misimu miwili bila kuziona. Kisha akanirudishia.

"Soma wewe," akasema, akaegemea mto.

Nilingoja lile swali. Hakuliuliza.